Tupeane uzoefu: wanawake tunaofanya mazoezi Mtwara na Lindi, wanga tunaula saa ngapi?

Dada zangu, salamu kwenu nyote. Ninaomba tupeane uzoefu juu ya jambo linalotusumbua wengi tunaofanya mazoezi ili kupunguza mafuta mwilini: ugali, muhogo, wali na ndizi tule saa ngapi, na je, saa yenyewe ina uzito wowote? Tafadhali kila mmoja aeleze yaliyompata mwenyewe, si aliyosimuliwa.

Naanza mimi, mkazi wa Shangani, Mtwara. Nina miaka 38, na nafanya mazoezi siku nne kwa wiki: mbili nakimbia, mbili nanyanyua vyuma. Mwaka jana mwalimu mmoja wa mazoezi aliniambia kwamba wanga ukiliwa baada ya saa kumi na mbili jioni hugeuka mafuta wote, nami nikaamini, nikaufuta kabisa kwenye chakula changu cha mchana na cha jioni. Wiki ya kwanza mizani ilishuka kilo mbili. Nilifurahi mno, kwa sababu sikujua kwamba wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, unaoitwa glaikojeni, hushikilia maji, takribani gramu tatu kwa kila gramu moja, hivyo mtu akiuacha ghafla kinachotangulia kutoka ni maji. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nashindwa kuchuchumaa na uzito niliouzoea. Magoti yalitetemeka katika seti ya pili. Usiku ndio ulikuwa mtihani zaidi. Saa nne, watoto wamelala, nilisimama jikoni nikichota korosho za kukaanga kwenye bakuli, kiganja baada ya kiganja, nikijiambia kwamba korosho si ugali, ilhali gramu 100 za korosho zina kalori zaidi ya 550.

Sasa saa kumi alasiri nakula vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha, saa kumi na moja na nusu naanza mazoezi, na nikirudi nyumbani nakula ugali wa muhogo wa kiasi cha ngumi yangu kwa samaki na kisamvu. Tangu nianze hivyo sijachota korosho za usiku, na kiuno kimepungua sentimita 6 kwa miezi mitano. Nasisitiza kwamba si saa iliyoyeyusha mafuta. Saa ilinipa nguvu ya kufanya mazoezi ipasavyo na kuninyamazishia njaa, na kwa hiyo jumla ya chakula changu cha siku ikapungua bila vita.

Mchangiaji wa Mikindani:
Ahsante dada mleta mada. Mimi ni kinyume chako, kwa kuwa nakimbia alfajiri baada ya sala, kabla sijatia kitu tumboni, na sijawahi kuishiwa nguvu katika dakika 40. Nilivyojifunza ni kwamba usiku ini ndilo linalopungukiwa na akiba yake, lakini misuli hubaki na ya kwake mtu akiwa alikula vizuri jioni. Mwanzo nilidhani kukimbia na njaa kungeniondolea kitambi upesi zaidi. Ni kweli kwamba wakati ule mwili huchoma mafuta mengi zaidi, ila baadaye mchana husawazisha, na jumla ya kalori ikiwa ileile tofauti haionekani. Siku za mbio ndefu nakula ndizi mbivu kwanza.

Mchangiaji wa Masasi:
Kwangu shida ilikuwa mizani. Siku chache kabla ya hedhi mwili hujaa maji, nami nilikuwa nalaumu wali nikaukata. Siku hizi nalinganisha uzito wa wiki moja ya mzunguko na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Mchangiaji wa Lindi mjini:
Dada zangu, hili langu naomba lisipitwe. Nilikata wanga, nikakata na mafuta, huku nikifanya mazoezi siku sita kwa wiki. Nilipungua kweli, na watu wakanisifu. Kisha hedhi ikakoma miezi minne, na mimba sikuwa nayo. Hospitalini nilielezwa kwamba mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayoufanyisha huzima kwanza mambo ya uzazi, na kwamba homoni zikishuka kwa muda mrefu mifupa nayo hudhoofika. Nilirudisha uji wa mtama asubuhi na ugali baada ya mazoezi, nikapunguza siku za mazoezi hadi nne, na nilirejea katika hali yangu taratibu. Mwenye dalili hii asiulize saa ya kula wanga, aende akaonwe na daktari.

Mchangiaji mwingine wa Lindi:
Mwezi wa Ramadhani nafungua kwa tende tatu na uji mwepesi, nafanya mazoezi baada ya tarawehe, halafu ndipo nakula chakula kamili. Saa ilinifaa, lakini sikupungua hata kidogo mpaka nilipoutazama mkono wangu unapomimina. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kalori 120 hivi, nami nilikuwa nakaangia vitunguu kwa vijiko vinne kabla hata tui zito halijaingia kwenye mihogo. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, ya mafuta 9. Muhogo tulikuwa tunausingizia.

Mleta mada:
Nashukuru sana, hasa kwa dada wa hedhi iliyokoma. Ninaomba sasa tusikie kutoka kwa wanaofanya kazi zamu za usiku, wauguzi na wengineo: mtu anayetoka kazini asubuhi na kufanya mazoezi kabla ya kulala, chakula chake cha wanga anakiweka wapi, na usingizi anaupata?