Kombora la V-2 liliijuaje njia ya London bila GPS?

mbishi_wa_kijiweni
Wakuu naombeni msaada, jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa anasema lile kombora la Mjerumani, V-2, mwaka 1944 lilikuwa linarushwa kutoka Uholanzi linaenda kudondoka London, kama km 300 hivi. Sasa mi nauliza njia lilikuwa linaijuaje? Setilaiti hakuna, GPS hakuna, rubani hayumo. Mi nikasema waliliendesha kwa redio kama droni za siku hizi. Anayejua atunyooshee, tumewekeana.

fundi_saa
Mkuu, lenyewe lilikuwa halijui hata London iko wapi. Chukulia unapopoa embe, jiwe likishatoka mkononi huliongozi tena, kazi yote umeifanya kabla hujaachia. V-2 ndo hivyo hivyo, injini inawaka kama dakika moja tu, hapo ndo linaongozwa, baada ya hapo ni jiwe.

Kwanza linasimamishwa wima juu ya kimeza cha chuma kinachozunguka, wanapima kwa darubini wanakizungusha mpaka pezi moja lielekee sawasawa na London. Likiruka linapanda wima kidogo halafu linainama taratibu upande huo. Ndani kuna jairoskopu mbili, yaani zile pia za watoto ila hizi zinazungushwa na umeme. Si unajua pia ikishika kasi haikubali kulazwa? Kombora likiyumba yenyewe haiyumbi, mitambo inaona tofauti na inasukuma mapezi manne ya grafaiti yaliyokaa NDANI ya moto wa injini. Ndani ya moto kwa sababu likianza kupanda mwendo bado mdogo, mapezi ya nje hayana upepo wa kushika, na huko juu hewa yenyewe hakuna.

mbishi_wa_kijiweni
Sawa, kulia na kushoto nimeelewa. Umbali je? Nani anaiambia injini zima sasa?

fundi_saa
Hapo ndo penye utamu. Kuna kifaa humo ndani kinajumlisha mwendo tangu linaondoka chini, ukifika ule waliouseti kinakata mafuta. Muda huo linakimbia zaidi ya km 5,000 kwa saa, kwa hiyo injini ikichelewa kuzima nusu sekunde tu limepitiliza kilomita kadhaa. Ndo maana lilikuwa silaha ya kulenga mji, sio ya kulenga daraja.

Redio nayo haujakosea kabisa, yapo yaliyozimwa injini kwa ishara ya redio kutoka chini, na mengine yalifuata mwale wa redio yasiende pembeni. Ila ni ndani ya ile ile dakika moja. Lipa nusu lol

mama_wawili
Mnaisahau V-1 iliyotangulia, Juni 1944! Ile sio roketi, ni kandege kasiko na rubani. Puani kana kapangaboi kanazungushwa na upepo, kila mizunguko 30 kaunta inashuka namba moja, ikifika sifuri kanapiga mbizi. Na kwa vile kalitumia dira ya sumaku, kabla ya kurushwa kanaingizwa kwenye jengo lisilo na chuma, wanakaelekeza kanakokwenda halafu wanagonga bodi kwa nyundo za mbao ili sumaku ya bodi ikae sawa isiidanganye dira. Nyundo za mbao jamani 😂

msoma_ramani
Na ukisharusha, utajuaje limeangukia wapi? Mjerumani alitegemea wapelelezi wake waliokuwa London, kumbe Mwingereza alishawageuza. V-1 nyingi zilikuwa tayari zinaangukia pungufu, wao wanaripoti zinapitiliza, ili Mjerumani asiongeze umbali. Waliolipia ujanja huo ni watu wa kusini mwa mji, Croydon ilipigwa kuliko mitaa yote.

V-2 ya kwanza London iliangukia Chiswick, 8 Septemba 1944, ikaua watu 3. Ilikuwa inakuja kwa kasi kupita sauti, mlipuko unatangulia ndo mvumo unafuata, king'ora hakina kazi.

mbishi_wa_kijiweni
Duh. Tuliwekeana kahawa sita, kwa hiyo nalipa tatu. Ila kashata silipi, hatukukubaliana.