Fidia ya ukame Marekani: je, mwenye nyuki naye anahesabiwa?

Mwenye Mizinga:
Salaam wanajamvi. Ninaishi Texas, ambako familia yetu inafuga mbuzi na nyuki kwenye ardhi ya kukodi. Ukame umekausha nyasi na maua kwa pamoja, hivyo mbuzi tunawanunulia majani makavu na nyuki tunawalisha maji ya sukari. Jirani ananiambia kwamba Wizara ya Kilimo huwalipa wafugaji wanaopatwa na majanga. Naomba mwenye uelewa anifahamishe kama fedha hizo ni za wenye ng'ombe wengi tu, na ni nyaraka gani niwe nazo kabla ya kwenda ofisi ya kaunti.

Afisa Malisho:
Ndugu, nyuki wamo, ila hawako fungu moja na mbuzi. Programu ya Wizara iitwayo LFP hulipia malisho yaliyokauka, na kipimo chake ni ramani ya taifa ya ukame inayotolewa kila Alhamisi; kaunti yako ikifikia daraja linalotakiwa, unaweza kuomba hata kama hakuna mbuzi aliyekufa, mradi uwe na mkataba wa ardhi. Programu ya pili, LIP, hulipia mnyama aliyekufa kwa dhoruba, mafuriko au moto, kwa asilimia 75 ya bei ya wastani ya soko. Hiyo ndiyo iliyowahusu wafugaji waliopoteza ng'ombe katika moto wa Smokehouse Creek wa Februari 2024, ulioteketeza zaidi ya ekari milioni moja huko huko Texas. Hasara nyingi zinazobaki nje ya hizo mbili hubebwa na programu ya tatu, ELAP, na humo ndimo nyuki walimo.

Mama Asali:
Naongezea upande wa nyuki, kwa sababu ndio unaowaangusha wengi. ELAP, ambayo sheria ya kilimo ya 2014 iliifanya kuwa ya kudumu, huangalia chakula ulichonunua kupita kawaida yako, makundi yaliyopotea kupita kiwango cha vifo vya kawaida, na mizinga iliyoharibika. Kwa hiyo sukari yako inaweza kuingia, lakini utaulizwa risiti za mwaka huu na pia ushahidi wa matumizi yako ya miaka ya kawaida.

Lililo zito zaidi ni hesabu. Mfugaji hutakiwa kuripoti idadi ya makundi na mahali yalipo kufikia tarehe 2 Januari, na kutoa taarifa tena anapoyahamisha au idadi inapobadilika. Mzoga wa ng'ombe unaweza kupigwa picha. Kundi la nyuki linaweza kutoweka likaacha majana (watoto wa nyuki) na asali bila nyuki mfu hata mmoja, na hapo bila hesabu ya awali huna cha kuonyesha. Kwa kutoweka kwa namna hiyo huhitajika pia uthibitisho wa mtaalamu asiye na maslahi, kwa mfano afisa ugani au mtaalamu wa wadudu. Nasisitiza hili kwa uchungu, kwani katika majira ya baridi ya 2024 na 2025 wafugaji wakubwa wa Marekani walipoteza zaidi ya nusu ya makundi yao, na watafiti wa Wizara wakakuta virusi pamoja na utitiri wa Varroa, kimelea cha nyuki, uliozoea dawa.

Mfugaji wa Wajir:
Huku Kenya, bima ya mifugo ambayo serikali ilianza kuwalipia wafugaji wa Turkana na Wajir mwaka 2015 ilipima ukijani wa nyasi kwa setilaiti, bila kuhesabu mizoga. Naona LFP ina mwelekeo huo huo. Natamani maua ya nyuki nayo yangepimwa hivyo, maana mwenye mizinga hupata hasara muda mrefu kabla kundi halijafa.

Afisa Malisho:
Ni kweli, mkuu. Mwenye Mizinga, jambo jingine: mwombaji anapaswa kuwa raia au mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, kwa hiyo chukua kadi hiyo pamoja na mkataba wa ardhi. Anza na LFP ya mbuzi, na siku hiyo hiyo uandikishe idadi ya mizinga.