Mimi ni VGS, ikisiri yangu imekubaliwa kongamano la TAWIRI Arusha. Niende?

doria_usiku:
Wakuu heshima kwenu. Mimi ni VGS, yaani askari wa wanyamapori wa kijiji, kwenye WMA moja (eneo la wanyamapori linalosimamiwa na vijiji) upande wa hifadhi ya Tarangire, msimu wa mahindi kazi yangu kubwa na wenzangu ni kukesha mashambani kufukuza tembo, tochi kali, honi, wakigoma kabisa ndo tunatumia mabomu ya pilipili. Sasa misimu mitatu nimekuwa naandika kila tukio kwenye daftari, tarehe, saa, kitongoji, tembo wangapi, ekari ngapi zimeliwa na tuliwafukuza kwa kitu gani. Kuna mtafiti alipita kijijini akaliona lile daftari akasema hii ni data kabisa, tukakaa tukaandika ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, tukatuma kwa ajili ya kongamano la kisayansi la TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, lile la kila baada ya miaka miwili pale Arusha. Juzi jibu limekuja, nimekubaliwa kwa bango, yaani sitahutubia, nitasimama na karatasi kubwa yenye matokeo watu waje kuisoma.

Kiingereza nasoma naelewa ila kuongea nakwama. Nauli na pa kulala ni mfuko wangu. Halafu mke wangu kaniuliza swali mpaka leo sijamjibu, ukienda huko tembo ndo watapungua shambani? Naombeni ushauri.

hesabu_za_porini:
Mkuu nenda. Nimefanya kazi ya kuhesabu wanyama kwa ndege na nakwambia kiukweli daftari lako lina kitu ambacho ndege haikioni. Sensa ndo ilitushtua 2014 ilipoonyesha tembo wa Tanzania wameshuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000, bila hizo hesabu tusingejua ujangili umetumaliza kiasi gani. Ila sensa inafanyika mchana, haijui saa nane usiku tembo wameingia shamba la nani.

Kitu kimoja rekebisha kabla hujachapisha bango, hesabu siku mlizokesha, sio matukio peke yake. Chukulia msimu wa kwanza mlikesha siku 20 mkapata matukio 15, msimu wa pili mkakesha siku 60 mkapata 30. Mtu akiona 15 na 30 atasema tembo wamezidi mara mbili, kumbe kwa kila usiku mmoja wamepungua, mlichoongeza ni macho. Hilo ndo swali la kwanza utakaloulizwa na ukiwa na jibu watakuheshimu. Pia tenganisha mahindi machanga na yaliyokomaa, na andika kila shamba liko umbali gani kutoka mpaka wa hifadhi.

mkulima_mama:
Mwanangu hongera sana. Mimi nalima karibu na ushoroba, njia ya kupita wanyama, nimeshaliwa mahindi miaka mingi na kifuta jasho, ile pesa ya serikali kwa walioharibiwa mazao na wanyama, nakijua. Kwa kanuni za 2011 walikuwa wanahesabu mwisho ekari tano, na shamba likiwa ndani ya mita 500 kutoka mpaka hupati kitu, na umbali wenyewe ndo ugomvi wa kila siku, afisa anakuja siku nyingi zimepita, mabua yameshakauka, atapimaje? Daftari lenye tarehe, saa na ekari lililoandikwa usiku ule ule ni ushahidi wetu sisi. Liseme hilo huko Arusha mbele ya wakubwa, wasifikiri ni habari za tembo tu.

Lakini nina neno. Watafiti wameingia kwangu mara nne, maswali yale yale, una watoto wangapi, unalima ekari ngapi, tembo wamekuja mara ngapi, nawapa muda wangu na uji juu, sijawahi kurudishiwa hata karatasi moja. Wewe ni wa kijijini, ukitoka huko simama mkutano mkuu wa kijiji useme kwa Kiswahili umesikia nini. Usipofanya hivyo utakuwa kama wao na itatuuma zaidi kwa sababu ni wewe.

wa_sagalla:
Salamu kutoka Taita, Kenya. Huku kwetu Sagalla pembeni mwa Tsavo East tunafuga nyuki kwenye ua wa shamba, mizinga imeshikana kwa waya, kila mita kumi kuna mzinga, ndovu akisukuma waya nyuki wanatoka. Inafanya kazi ila kiangazi kikikaza nyuki wanahama na hilo ukisoma ripoti fupi huwezi kulijua, mpaka ukutane na mwenye mizinga.

Ndio maana nasema enda. Mimi nilibahatika kufika Kigali Julai 2022, ule mkutano wa Afrika nzima wa maeneo ya hifadhi, watu zaidi ya elfu mbili. Vikao vikubwa vilinipita, lakini mzee mmoja wa Zambia alinichorea kwenye kitambaa cha karatasi vile wao wanachanganya pilipili na kinyesi cha ndovu, wanafinyanga matofali, wanayakausha na kuyachoma upepo ukielekea kwa ndovu. Nilirudi nikajaribu. Kwa bango unasimama nalo mtu anakuja mwenyewe, nusu yao wataongea Kiswahili na wewe. Weka picha kubwa ya ukurasa mmoja wa daftari na mwandiko wako, usiuchape upya.

mweka_mkongwe:
Nyongeza ndogo. Arusha hiyo hiyo, Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Nyerere alitoa tamko mbele ya wataalamu wa uhifadhi kwamba tutawatunza wanyama kwa ajili ya wajukuu zetu, na akaomba mataifa mengine watusaidie utaalamu, watu waliosomea na fedha. Chuo chetu cha wanyamapori cha Mweka kikaanza 1963. Wakati ule utaalamu tuliuomba nje, leo VGS anaupeleka yeye Arusha kwenye daftari. Kijana nenda, na jina lako likae la kwanza kwenye hilo bango, la mtafiti lifuate.

doria_usiku:
Asanteni sana wakuu, na mama shikamoo, nimekusikia, tayari nimemwomba mwenyekiti nafasi kwenye mkutano wa kijiji.

Jana nimekaa kuhesabu siku za kukesha nikagundua tatizo, usiku ambao tembo hawakuja sikuuandika. Nimeumia sana. Ila mke wangu kakumbuka kitabu cha zamu, kile tunachosaini kila jioni, kipo ofisi ya WMA tangu msimu wa kwanza. Jumatatu naenda kukinakili chote.

@hesabu_za_porini, usiku tuliokesha nusu tu mvua ikatufukuza, nauhesabu mzima au nusu?

hesabu_za_porini:
Andika masaa mkuu.