Nimeuziwa oili isiyo ya trekta hapa Tabora, kurudi dukani naambiwa "haidroliki ni haidroliki"

Wakuu, naandika nina hasira na mikono bado inanuka oili, mnivumilie.

Nina katrekta kadogo, mtumba wa Japani, kananilimia mahindi na tumbaku huku Urambo na majirani wanakakodi kwa heka. Oili ya haidroliki ilishageuka kama chai ya maziwa. Maji yaliingia, maana masika iliyopita kalilala nje bila turubai. Hilo kosa langu, nalikubali.

Nikafunga safari hadi Tabora mjini. Muuzaji nikamweleza vizuri kabisa: ni ya trekta, si ya katapila, si ya mashine ya kukamua alizeti. Akanitolea ndoo mbili za lita 20 zilizoandikwa 68. "Bosi wangu, haidroliki ni haidroliki." Laki tatu na ushee, risiti ya kuandika kwa mkono.

Jumamosi nikaimwaga mwenyewe chini ya mwembe. Nilikazungusha kwanza robo saa oili ipate moto, nikashusha mikono ya nyuma inayonyanyua jembe mpaka chini, nikafungua nati za kumwagia. Kwangu ziko tatu. Ukifungua moja ukadhani umemaliza, nyingine inabaki kwenye ekseli. Dogo kashika beseni. Chujio la waya lilikuwa limevaa unga wa chuma kama masizi ya sufuria, nikaliosha kwa dizeli. Filta mpya, nikajaza, nikawasha, nikapandisha na kushusha mikono mara kumi hewa itoke, nikazima, nikapima, nikaongeza. Aje mtu aniambie nilikosea wapi hapo.

Ubaya ni kwamba jembe lilinyanyuka vizuri tu. Nikafurahi kama mjinga. Jumatatu nimefunga tela la mbolea, nafika mteremko wa mtoni, nakanyaga breki: zikapiga ukelele kama bati linaburuzwa kwenye sementi, usukani unatetemeka mkononi. Watu wakatoka ndani kuangalia nani kagongwa.

Fundi wa jirani hakufungua hata nati moja. Aliuliza tu nimeweka oili gani. Kumbe kwenye hivi vitrekta vyetu, oili hiyohiyo inayonyanyua jembe ndiyo ya gia boksi, na humohumo ndimo diski za breki zinamolowa. Kwa hiyo inatakiwa oili yenye dawa ya breki ndani yake, ile ambayo ndoo yake huandikwa UTTO. Hiyo 68 ni unene tu, hupimwa kwenye nyuzi 40. Kuhusu breki haisemi kitu. Mimi mkulima sikujua, sawa. Wewe uliyechora trekta kwenye mlango wa duka lako, nawe hukujua?

Nimerudi jana. "Mali ikishafunguliwa hairudi." Kijana wake pembeni eti ananishauri nichanganye na oili ya injini kidogo, breki zitanyamaza. Zitanyamaza kweli, siku zitakapogoma kushika nikiwa na tela nyuma.

Sasa namwaga tena oili ya siku tatu, safi, unaona mpaka kitako cha beseni. Na majirani wameshapanga madumu wanaiomba, wakapake nguzo za mabani ya kukaushia tumbaku zisiliwe na mchwa. Laki tatu yangu inapakwa kwenye miti! Mmoja kauliza kama nitamwaga na wiki ijayo.

Na mvua ndiyo hiyo imeanza, kuna watu watatu wameshanilipa nusu.

Wa Nzega na Kahama, kama mnalijua duka lenye ndoo iliyoandikwa UTTO na lakiri yake haijachezewa, semeni hapa na bei yake. Kesho alfajiri napanda basi. Na jamani, msiniambie nijaribu "inayofanana nayo".