Yule Mkorea wa miwani, Chung Hyeon, alipotelea wapi?

Mpenda Raketi: Wadau, mwaka 2018 nilikaa na marehemu babu tukiangalia tenisi ya Australian Open. Chung akamtoa Djokovic kwa seti tatu kavu, mbili zikiamuliwa kwa taibreka, yaani gemu ya kuvunja sare. Babu aliyashangaa yale miwani meupe: "Huyu mwalimu wa hesabu katokea wapi?" Siku hizi simsikii. Aliacha tenisi?

Kocha Mstaafu: Babu yako hakukosea sana, mjukuu wangu. Wenzake walimwita Profesa. Miwani ni ya kweli, macho yalimsumbua tangu utotoni. Mwisho wa 2017 alitwaa ubingwa wa vijana kule Milan kwa kumfunga Rublev. Kabla ya Djokovic alishamtoa Alexander Zverev kwa seti tano, na akawa Mkorea wa kwanza kufika nusu fainali ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi. Aprili 2018 alikuwa wa 19 duniani.

Mpenda Raketi: Shikamoo kocha. Nusu fainali kwa Federer je? Babu alishasinzia.

Kocha Mstaafu: Marahaba. Alijitoa akiwa nyuma 6-1, 5-2. Malengelenge ya wayo, ngozi imechunika mpaka nyama mbichi. Ila kilichommaliza ni mgongo. Anapona, anarudi, unamkamata tena. Akaishia mashindano madogo.

Dada wa Seti Tano: Na jeshi la lazima je? Vijana wa Korea hawasamehewi hivihivi.

Kocha Mstaafu: Alishapunguziwa, dada. Ni kwa ile dhahabu ya wawili wawili, Michezo ya Asia, Incheon 2014.