Ukoo wa Bi Tatu, Tanga: Twaha yuko mlimani

*Jumamosi, Oktoba. Saa za Tanga.*

[14:09] Twaha: Asalaam alaykum wote. Huku saa moja asubuhi. Nimetoka Boston alfajiri, saa mbili za gari, sasa niko chini ya mlima Lafayette, New Hampshire. Mtandao ukikatika msinitafute.

[14:11] Shangazi Mwanaidi: Waalaykum salaam. Unapanda na nani?

[14:11] Twaha: Peke yangu shangazi

[14:12] Shangazi Mwanaidi: Peke yako umeangusha nini huko?

[14:15] Mjomba Shekue Lushoto: Una mita ngapi huo

[14:16] Twaha: 1,600

[14:18] Mjomba Shekue Lushoto: Mimi hapa nilipo ni mita 1,400 na nimevaa kandambili, nakunywa chai. Huo mnauita mlima?

[14:18] Zuhura: 😂😂😂😂

[14:21] Twaha: Mjomba gari nimeliacha mita mia tano na kitu. Hiyo elfu nzima iliyobaki naipanda kwa miguu. Halafu ni vilele vitatu kwa mpigo: Little Haystack, Lincoln, Lafayette. Mzunguko wote kama kilomita 14.

[14:25] Zuhura: Bibi yuko hapa pembeni yangu, anauliza vuli ya huko imeshaanza kunyesha? Anasema hapa Makorora mawingu yanapita tu yanatutania

[14:27] Twaha: Mwambie Bibi vuli ya huku haiji na mvua, inakuja na majani. Msitu mzima umegeuka njano na nyekundu, unadhani umewaka moto. *[picha]*

[14:28] Zuhura: Maa shaa Allah!! Hiyo rangi inatoka wapi?

[14:31] Twaha: Wewe si unasoma bayolojia. Siku zikifupika mti unaacha kutengeneza klorofili, kijani kinakufa. Njano ilikuwamo humo humo tangu mwanzo, imefunikwa tu. Nyekundu ndiyo jani hulitengeneza mwishoni, kwa sukari iliyobaki. Ile nyekundu kali ni ya mti ule wa bendera ya Kanada.

[14:32] Zuhura: Bibi anasema umwekee jani moja jekundu. Zima, lisiwe limetoboka

[14:40] Ba'mdogo Hamadi: Twaha. Mtu akitoka mwalo wa Deep Sea kwenda kuvua huacha neno pwani: naenda mwamba fulani, narudi saa fulani. Wewe neno umeliacha kwa nani?

[14:41] Twaha: Si hapa kwenye kikundi ba'mdogo

[14:43] Ba'mdogo Hamadi: Sisi tuko Tanga. Ukivunjika mguu nikuite kutoka Raskazone utanisikia? Hiyo 911 yenu ya dharura nikiibonyeza hapa atapokea nani?

[14:44] Ba'mdogo Hamadi: Na unarudi saa ngapi

[14:50] Twaha: Saa tisa mchana ya huku nitakuwa chini. Kwenu saa nne usiku. Naanza kupanda, tutaongea juu in shaa Allah

[14:51] Shangazi Mwanaidi: Swali la kwanza hajalijibu. Mmeona?

[17:46] Twaha: Kilele cha kwanza ✅ Njia imefuata maporomoko ya maji karibu nusu ya safari, mawe yanateleza kama yamepakwa mafuta. Watu wanaojua wanapandia huku, hawashukii huku, na sasa nimeelewa sababu.

[17:47] Twaha: Upepo huo! Nimevaa sweta mbili, koti, na glavu, na pua siisikii. Kwenye mawe kuna barafu nyembamba, kama kioo cha saa.

[17:52] Mjomba Shekue Lushoto: Barafu kwenye urefu wa Lushoto?

[19:06] Twaha: Lafayette!! Mjomba nimekufikiria wewe. Pale Magamba mita elfu mbili unasimama chini ya mti wa mkulo huoni mwisho wake. Huku hata 1,600 hazijafika, miti imeshakwisha. Iliyopo ni misonobari imelala chini kama mikeka, hainifiki gotini, na huenda mingine ina umri kunizidi. Upepo ndio unaoikata. Juu kabisa mawe matupu, njia unaijua kwa mafungu ya mawe waliyoyapanga.

[19:08] Twaha: Kile cha mbali mashariki ni Mount Washington. Mwaka 1934 walipima upepo pale kilomita 372 kwa saa. *[picha]*

[19:10] Mjomba Shekue Lushoto: Haya, nimevua kandambili kwa heshima

[19:15] Shangazi Mwanaidi: Umeona, inatosha. Shuka.

[22:07] Shangazi Mwanaidi: Twaha

[22:19] Shangazi Mwanaidi: Twaha saa nne imepita

[22:20] Zuhura: Tiki moja tu 😟

[22:22] Ba'mdogo Hamadi: Tulieni. Huko bado mchana, jua lao linatua kwenye saa kumi na mbili. Ana tochi?

[22:23] Zuhura: Hakusema

[22:24] Ba'mdogo Hamadi: Ameshukia njia gani?

[22:26] Zuhura: Nimesoma meseji zake zote tangu juu. Njia hakuitaja jina, ya kupandia wala ya kushukia

[22:27] Ba'mdogo Hamadi: Ndicho nilichokuwa nakisema mchana.

[22:31] Zuhura: Ile Idi simu yake ilipoharibika alitupigia kwa namba ya yule anayekaa naye. Nimeipata. Shangazi nimekutumia

[22:46] Shangazi Mwanaidi: Nimeongea naye. Kumbe ni mtoto wa Mombasa, anaitwa Omari, mamake kwao Vanga! Nikamtajia akina mama wa pale, wawili anawajua. Anaswali swala zote.

[22:47] Ba'mdogo Hamadi: Mwanaidi. Na Twaha?

[22:47] Shangazi Mwanaidi: Twaha alimwambia "naenda milimani kesho". Basi. Omari anasema milima huko ni mingi kama minazi Pangani. Nimemtajia Lafayette, ameniuliza njia ipi, nimenyamaza. Amesema akikaa kimya mpaka saa sita za kwetu atawapigia wahusika.

[22:54] Twaha: Nipo chini. Alhamdulillah. Poleni, huku bondeni mtandao ulikatika, imebidi niendeshe kidogo kwanza

[22:54] Shangazi Mwanaidi: Alhamdulillah. Nitakupiga

[22:55] Zuhura: 😭😭

[22:58] Twaha: Nimeanguka mara moja. Majani yamefunika jiwe lenye maji, sikuliona. Goti limevimba, suruali imechanika. Kilomita tatu za mwisho nimeteremka kama bibi harusi, hatua moja moja. Tochi ninayo, sikuihitaji.

[23:00] Ba'mdogo Hamadi: Umeshukia njia gani

[23:01] Twaha: Nimepanda Falling Waters, nimeshuka Old Bridle Path. Ningebaki pale nilipoanguka wangepita watu lakini ba'mdogo, Jumamosi njia haikauki

[23:02] Ba'mdogo Hamadi: Na Jumanne?

[23:04] Twaha: Nimekuelewa. Omari kanipigia sasa hivi, kanisomea mashtaka yote kwa Kimvita

[23:05] Shangazi Mwanaidi: Msikilize huyo. Namba yake nimeihifadhi, na ya mamake kanipa.

[23:07] Zuhura: Bibi kaamka. Anauliza goti umelikanda kwa maji ya chumvi? Na jani lake je?

[23:09] Twaha: Goti nitalikanda nikifika. Jani ninalo, nililiweka mfuko wa nyuma.

[23:09] Twaha: Ndio nililoangukia. *[picha]*