Naombeni ushauri: watoto waanze na katuni ya zamani au muendelezo wake?

Habari zenu wadau. Katuni za paka na panya kila mtu anazikumbuka. Mimi nazikumbuka zaidi zile ambazo ukizitaja watu wanakutazama tu, hasa The Mysterious Cities of Gold, waliyoitengeneza Wafaransa na Wajapani mwaka 1982. Esteban, Zia na Tao wanasaka miji ya dhahabu huko Amerika, na kuna lile dege la dhahabu lenye umbo la kondori, yule ndege mkubwa jamii ya tumbusi, linaloruka kwa nguvu ya jua. Jua likizama, halina ujanja! Hapo nilikuwa naisogelea runinga mpaka nakemewa.

Sasa wanangu wana miaka 7 na 9, na natamani sana waipende. Ila wamezoea katuni za mbiombio, na hii ni hadithi moja ya vipindi 39. Ukiruka kimoja umeachwa. Upo muendelezo ulioanza 2012, wenye picha za kisasa. Je, nianze na huo ili wavutike, au nishikilie ya zamani? Moyo wangu uko kwenye ya zamani, lakini nisije nikawachosha.

Jingine: mwisho wa kila kipindi kulikuwa na makala fupi ya historia, na matoleo mengine yameikata. Aliyepata toleo kamili, ulilitambuaje kabla ya kununua? Na mliofanikiwa na watoto wenu, mliwawekea kipindi kimoja kwa siku au viwili vitatu mfululizo?

Natanguliza shukrani.